Sikio la Dijei Kati ya Santuri na Laptopu



Swali nililoletewa ni lile ambalo kila dijei ameshaulizwa: kipi bora, santuri au dijitali? Kwa kawaida hujibiwa kwa kubishania utamu wa sauti. Mmoja atasema santuri ina joto lake, mwingine atasema dijitali ni safi zaidi, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona kwetu Afrika Mashariki suala la sauti ni dogo. Kubwa ni muziki wenyewe: muziki gani unapatikana kwenye chombo gani, na chombo hicho kinamtaka dijei afanye nini kwa sikio na mikono yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dijei wetu wa leo afanye kazi kwa vifaa vya dijitali, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki wetu haimo kwenye santuri. Lakini ajifunze kazi hiyo kama walivyojifunza watu wa santuri, kwa sababu muziki wa bendi zetu, ule uliopigwa na mikono ya watu, unaishinda kompyuta. Nitayaeleza yote mawili.

Tuanzie kwenye deki. Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Panasonic, ilitoa mashine ya kupigia santuri iitwayo Technics SL-1200. Ilikusudiwa kwa watu wanaosikiliza muziki nyumbani. Tofauti yake na mashine nyingi za wakati ule ilikuwa kwenye mota. Mashine nyingi zilizungusha sahani kwa mkanda wa mpira: ukiishika kwa kidole mkanda unateleza, na ukiiachia inachukua muda kurudi kwenye mwendo wake. Hawa waliiweka mota chini ya sahani yenyewe, bila mkanda. Ukiizuia santuri kwa kidole, sahani ya chuma iliyo chini inaendelea kuzunguka, na ukiiachia muziki unaondoka hapohapo. Mwaka 1979 likaja toleo la MK2, ambalo wahandisi wake, wakiongozwa na Shuichi Obata, walilitengeneza baada ya kuwaangalia madijei wakiwa kazini. Hilo ndilo lenye kile kiteleza kirefu cha upande wa kulia: ukikivuta kwako mwendo unaongezeka, ukikisukuma unapungua, hadi asilimia 8 kila upande. Mashine hiyo ilitengenezwa mpaka 2010, ikasimamishwa, kisha ikarudishwa sokoni 2016.

Lakini mikono ilikuwa imeshalitangulia toleo hilo. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aitwaye Clive Campbell alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Watu walimwita Kool Herc. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanasubiri kipande kimoja tu cha wimbo: pale waimbaji wanaponyamaza, vinanda vinapumzika na ngoma zinabaki peke yake. Kipande hicho huwa cha sekunde chache. Herc akachukua nakala mbili za santuri ileile, akawa anakirudia, huku kikiisha kule kikianza. Baada yake Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados, anayejulikana kwa jina la Grandmaster Flash, akaifanya kazi hiyo kwa usahihi wa fundi saa. Alichora alama kwa kalamu ya rangi juu ya santuri ili aone kipande kinaanzia wapi, na akaweka chini ya santuri kitambaa kinachoteleza ili sahani isivutane naye.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Tangu mwanzo, kazi ya dijei ilikuwa kuujua wimbo kwa ndani: ngoma inabaki peke yake wapi, mwimbaji anarudi lini, besi inaingia kwenye pigo la ngapi. Mashine ilikuja kuutumikia ujuzi huo.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye kitendo kimoja, kwa sababu mjadala wote wa santuri na dijitali umejificha ndani yake. Santuri moja inapiga na watu wanacheza. Ya pili iko kwenye deki ya kulia, sindano imeshashushwa. Dijei ameweka hedifoni sikio moja. La pili liko wazi kwa ajili ya ukumbi. Analitafuta pigo la kwanza kwa kuizungusha santuri nyuma na mbele kwa vidole viwili, akisikia sindano ikipita juu ya pigo hilo, vup, vup. Anasubiri ukumbi ufike kwenye moja, anaiachia. Kwa sekunde tatu nne nyimbo zinakwenda pamoja, kisha zinaanza kuachana, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja na mmoja ameanza kuchoka. Hapo hana skrini, wala namba ya kumwambia afanye nini. Sikio peke yake ndilo linaloamua: ipi imetangulia? Akihisi kwamba ya kulia imechelewa, anaisogeza kwa ncha ya kidole pembeni mwa lebo. Zikikutana, amehisi sawa, na anakivuta kiteleza kiasi kidogo mno, chini ya unene wa ukucha. Zikizidi kuachana, amekosea upande, na anageuza haraka kabla wachezaji hawajajua.

Ugumu wake tuupime kwa hesabu. Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika na mwingine wenye 121. Ukiusikiliza kila mmoja peke yake, tofauti huioni. Zipige pamoja: baada ya nusu dakika zimeachana kwa nusu pigo, yaani robo ya sekunde, na ukumbi mzima unajikwaa. Na kuna jambo la pili. Santuri ikiongezwa mwendo, sauti nayo inapanda. Asilimia 6 tu inatosha kuipandisha sauti ya mwimbaji kwa nusu toni. Kwa hiyo dijei wa santuri hakuwa huru kuchanganya chochote na chochote. Wimbo wa mapigo 100 ungeweza kuufikisha 108, basi. Kama unautaka kwenye 125, utafute wimbo wa kati wa kukuvusha, au ukate kabisa na kuanza upya kwa ujasiri. Nimewaona vijana wakishangaa kwamba wazee walikata wimbo bila kuchanganya. Walikata kwa sababu walijua mipaka, na kukata vizuri, kwenye neno la mwisho la ubeti, nako ni ufundi.

Mpaka mwingine ulikuwa mgongoni. Sanduku la santuri kubwa 80 lina uzito wa karibu kilo 20. Dijei alikuwa anachagua nyumbani, mchana, akiufikiria usiku: nani watakuja, ukumbi ni wa watu gani, mvua imenyesha au la. Alichokiacha nyumbani kimeachwa. Kwa hiyo alizijua santuri zake 80 kama unavyozijua njia za mtaani kwako, upande wa kwanza na wa pili, pamoja na mikwaruzo yake. Leo flashi ya GB 32, ukiijaza mafaili ya MP3 ya kiwango cha 320, inabeba zaidi ya nyimbo 2,000, na uzito wake hausikiki mfukoni. Ni neema, sikatai. Lakini nani amezisikiliza nyimbo 2,000 mpaka mwisho?

Hayo ndiyo ya kusifu kwenye santuri, na nimeyasifu kwa moyo wote. Sasa tugeukie kwetu.

Santuri na Waswahili hawakukutana jana. Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na santuri zile zilizopigwa kwa gramafoni ziliufikisha Uswahili wa taarabu kila pembe ya pwani na bara. Baadaye Nairobi ikawa jiji la santuri la ukanda wetu. Studio zilikuwapo, kiwanda cha kufyatua santuri kilikuwapo, na maduka ya River Road na mitaa ya jirani yaliuza sahani ndogo za benga, rumba na muziki wa dansi kwa lugha zetu zote. Bendi nyingi kutoka Tanganyika, na kutoka Kongo, zilikwenda huko kutafuta lebo. Les Wanyika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na kujaa wanamuziki wenye asili ya Tanzania, ni mtoto wa jiji hilo.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda tofauti. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, moja kwa moja, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, kwenye utepe. Wimbo ulikuwa unatoka redioni, taifa zima linausikia, na utepe unarudi kwenye rafu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Bendi iliyotaka kufika kwenye kiwanda cha Nairobi ilikuwa na kazi kubwa. Nyimbo nyingi zilizowaburudisha wazazi wetu, za bendi kama Msondo, Sikinde na Maquis, zilibaki kwenye utepe, na wananchi walijirekodia wenyewe kutoka redioni kwa kaseti. Kisha kaseti ikashika soko lote, Kenya na Tanzania, santuri ikafifia. Kizazi cha Bongo Fleva kilizaliwa kwenye kaseti, kikakulia kwenye CD, kikaingia kwenye simu.

Matokeo yake ni haya. Dijei wa Detroit au Berlin akisema atapiga santuri tupu, ana miaka 50 na zaidi ya muziki wa kwao wa kuchagua, mpaka uliotoka mwezi huu. Dijei wa Dar es Salaam akisema hivyo, amejifungia nje ya sehemu kubwa ya muziki wa nchi yake. Atakuwa na sahani za Nairobi za miaka ya 1960 mpaka 1980 kama anazipata, na zinazopatikana zimechubuka au ziko kwa wakusanyaji wa Ulaya. Atakuwa na Franco na Tabu Ley wa Kongo. Atakuwa na matoleo mapya yanayochapishwa London na Paris. Wenye santuri tunawahitaji kwa utafiti na kwa heshima. Ila kwa usiku mzima wa harusi ya Temeke au Kisumu, santuri peke yake haitoshi, na asiyekubali hilo anakipenda chombo kuliko muziki.

Tena deki hazikuwa za kila mtu. Mashine ilikuwa ya mwenye ukumbi. Kijana aliyetaka kujifunza alibeba masanduku, akafuta vumbi, akasubiri dijei mkubwa aende kula ndipo aguse. Wengi waliokuwa na masikio mazuri hawakuwahi kugusa kabisa, na wasichana zaidi. Hata leo, jozi ya deki za kweli na miksa ni mali ya kukopea, na vipuri vinazidi kuwa adimu: Shure, waliotengeneza sindano aina ya M44-7 ambayo madijei wengi duniani waliitegemea, waliacha kutengeneza sindano za santuri mwaka 2018. Kijana mwenye laptopu ya mtumba na programu ya Virtual DJ anaweza kuanza leo usiku, kwa kibodi tu, chumbani kwake. Mlango huo haukuwapo.

Jinsi dijitali ilivyoingia haina haja ya maelezo marefu. Pioneer walitoa CDJ-500, mashine ya madijei ya kupigia CD, mwaka 1994, na CDJ-1000 mwaka 2001, yenye gurudumu linaloshikika kama santuri. Mwaka 2004 kampuni ya Serato ya New Zealand ilitoa mfumo unaotumia santuri maalumu yenye mlio wa ishara tu. Sindano inausoma mlio huo, kompyuta inajua mkono uko wapi, na faili linafuata mkono. Tangu 2009, na CDJ-2000, flashi ikatosha. Kwetu wengi waliruka hatua hizo wakaangukia moja kwa moja kwenye laptopu na kontrola ndogo.

Lipo jambo moja hapa ambalo wasimulizi wa historia hii wa nje hawalipi nafasi ya kutosha, nami nataka tulikalie. Kuna muziki ambao ungekuwa mgumu sana kuzaliwa kwenye santuri, na muziki huo ni wetu. Nasema singeli.

Manzese, Tandale, Mburahati, mitaa ya Dar es Salaam: vijana walichukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakavizungusha virudie, wakaviongeza mwendo kupita kiasi chochote kilichokuwa kikijulikana kwenye disko, mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, hadi kukaribia 300. Juu yake MC anaghani bila kupumua, na kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani, watu wanacheza mpaka alfajiri. Vifaa vilikuwa kompyuta za kawaida na programu za kawaida, FL Studio na Virtual DJ. Kwenye Technics, kipande cha mapigo 110 hakivuki 119. Hata ukiichukua santuri ya mizunguko 33 ukaipiga kwenye 45, ambayo ni hila ya zamani, umeongeza asilimia 35 tu. Programu haina ukuta huo.

Linganisheni na Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1980. Madijei wa kule walichukua santuri za mizunguko 45 wakazipiga kwenye 33, kiteleza kikiwa kimevutwa hadi mwisho, na mwendo huo mzito ukawa mtindo kamili unaoitwa new beat. Wabelgiji waliukuta muziki mpya ndani ya mipaka ya deki. Vijana wa Manzese waliukuta ndani ya uhuru wa programu. Vyote viwili ni ugunduzi wa dijei, na hiki cha pili hakistahili kuitwa uharibifu wa mashine au uhuni wa kelele, kama nilivyosikia kikiitwa. Dunia imeshakisikia: lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na madijei wa singeli wamepanda majukwaa ya Ulaya na laptopu zao.

Kwa hiyo nikisema dijitali ni chombo chetu, sisemi kwa unyonge wa kukosa santuri. Nasema kwa sababu tumeshakipiga tukatoa kitu ambacho wenye santuri hawakuwa nacho.

Sasa upande wa pili wa hoja, na hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu.

Karibu programu zote za kisasa zina kitufe cha sinki. Ukikibonyeza, nyimbo mbili zinakwenda pamoja bila wewe kusikiliza. Kitufe hicho kinafanya kazi kwa sababu kompyuta imeshausoma wimbo mapema, ikapata namba moja, tuseme 118, na ikachora mistari juu yake, kila pigo na mstari wake, umbali sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa muziki uliotengenezwa kwa mashine ya ngoma, mistari hiyo ni ya kweli, kwa sababu mashine haichoki wala haifurahi. Bongo Fleva, amapiano, gengetone, singeli: bonyeza, itakubali.

Mpe kompyuta hiyohiyo wimbo wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania. Bendi nzima imesimama chumbani, mpiga drams hana saa masikioni. Wanaanza taratibu, gitaa la solo linafungua, waimbaji wanaingia, hadithi inasimuliwa. Mwimbaji anapofika kwenye uchungu wake bendi inamngoja kidogo, si kwa makosa, kwa adabu. Kisha waimbaji wanamaliza, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinapasua, chemko linaanza, na mwendo unapanda. Watu hawajapanga upande kwa kiasi gani; umepanda kwa sababu damu imechemka. Rumba ya Kongo nayo inapoingia kwenye sebene inafanya hivyohivyo. Kompyuta inausoma wimbo huo na kutoa namba moja kwa kitu chenye mwendo mwingi. Mistari inaanza sawa, halafu inateleza, na ikifika kwenye chemko inapita katikati ya mapigo. Dijei anayetegemea sinki akichomeka wimbo mwingine juu yake anapata fujo, na nimeshuhudia anavyolitatua: anaacha kupiga nyimbo hizo. Anasema za kizee hazichanganyiki.

Zinachanganyika. Zimechanganywa miaka mingi na watu wenye kidole kwenye sahani na sikio ukumbini, wanaoufuata mwendo wa bendi unavyopanda, wakikivuta kiteleza kidogokidogo pamoja na mpiga drams. Programu mpya zinajaribu kufuata mwendo unaobadilika, na nyingi zinakuruhusu kuisogeza mistari kwa mkono, pigo kwa pigo, mpaka wimbo wote ukae sawa. Tumieni. Lakini ili uisogeze mistari lazima usikie kwamba imekaa vibaya, na sikio hilo hulipati kwa kubonyeza.

Ndiyo maana nasema ufundi wa santuri tunauhitaji sisi kuliko hata waliouanzisha. Muziki mwingi wa disko wa New York ulipigwa na watu pia, kweli, lakini kumbi zao za leo zinaweza kuishi kwa muziki wa mashine mwaka mzima. Sisi dijei wetu akikosa sikio, tunapoteza ukumbini miongo mitatu ya bendi zetu, na kizazi kinachofuata kitasikia nyimbo hizo asubuhi ya Jumapili redioni tu, kama kumbukumbu ya marehemu.

Wanaojifunza kwangu nawapa kazi hii, na haihitaji deki. Chukua programu yoyote uliyonayo. Zima sinki. Funika ile picha ya mawimbi kwa karatasi, na ufunike namba ya mapigo. Chukua nyimbo mbili za mashine kwanza, zilinganishe kwa kiteleza na sikio. Ukizimudu, chukua wimbo mmoja wa mashine na mmoja wa dansi. Mwisho chukua mbili za dansi, na utoke kwenye chemko la mmoja kuingia mwanzo wa mwingine. Hapo utagundua jambo ambalo watu wa santuri walilijua: mara nyingi mwanzo wa wimbo wa dansi hautaki kuchanganywa. Unataka kuachiwa nafasi. Gitaa lile la kwanza, likiwa peke yake baada ya chemko kuisha, linaweza kurudisha watu uwanjani kuliko mchanganyiko wowote.

Kuhusu sauti nilisema ni suala dogo, nitaligusa kidogo. Kwenye turubai la uwanjani, jenereta inanguruma na spika zimesimama juu ya mchanga, hakuna atakayetofautisha santuri nzuri na faili zuri. Tena santuri ina shida zake mahali pa namna hiyo: besi inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika, na mvumo unameza muziki wote. Lakini faili baya kila mtu atalisikia hata kama hajui anasikia nini. MP3 iliyobanwa hadi 128 imekatwa sauti za juu, matoazi yanasikika kama maji yanayomwagika, na iliyonyofolewa kwenye video za mtandaoni ikabanwa tena ni mbaya zaidi. Kwenye simu haikuudhi. Kwenye spika za wati elfu kadhaa inachosha masikio, na watu wanakaa bila kujua kwa nini wamechoka. Nunueni nyimbo, ombeni faili kamili kwa watayarishaji. Wengi wanajulikana mtaani na watakupa.

Limebaki jambo moja, na kwangu ni zito. Sahani ndogo ya Nairobi ilikuwa na lebo: jina la wimbo, bendi, mtunzi, namba ya kampuni. Kule Jamaika, wenye mitambo ya muziki walizibandua lebo ili wapinzani wasijue wimbo ni wa nani, kwa hiyo hata huko thamani ya lebo ilifahamika. Leo nikifungua flashi ya kijana anayepiga vizuri sana, nakuta faili limeandikwa AUD, tarehe, halafu WA0012, jinsi lilivyotoka kwenye WhatsApp. Namuuliza: bendi gani hii? Hajui. Nani anaimba? Hajui. Anajua tu kwamba watu wanasimama likipigwa. Flashi hiyo ikifa, na flashi hufa bila kuaga, wimbo huo kwake hauna hata jina la kuutafutia tena. Singeli iko hatarini zaidi, maana ngoma nyingi za mwanzo zilipita simu kwa simu, na kompyuta zilizozitengeneza zimeshauzwa au kuharibika.

Kila faili lina nafasi za kuandika jina la wimbo, msanii, mtunzi, mwaka, na maelezo. Zijazeni. Kwenye maelezo andikeni nani kapiga solo, nani kapiga besi, imerekodiwa wapi, na wewe umeipata kwa nani. Wekeni nakala kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Na kwa nyimbo ambazo hamjui ni za nani, baadhi ya wapigaji wa bendi zile bado wapo, Kinondoni, Magomeni, Ngara, Mombasa. Nendeni na simu, wapigieni dakika moja tu ya wimbo. Wengi wao watawatajia kikosi kizima, na nani alichelewa studio siku hiyo. Yaandikeni humohumo, palepale mkiwa mmekaa nao.